Nafasi ya Kumi kwenye Mdundo wa Komeo

Teksi ilikataa kuingia kichochoroni, nikamalizia kwa miguu, nikifuata besi iliyokuwa ikitikisa mabati ya uzio. Nje ya geti la studio ya muziki ya Haughton, hapa Kingston, Jamaika, watu kama ishirini walisimama juani wakichezesha midomo bila sauti. Nikadhani wanasali.

"Wanaficha maneno," alisema mwanamke aliyeegemea ukuta. "Hapa ukighani kwa sauti, umegawa."

Huyo ndiye Verona Tulloch, mshona kola za mashati kiwandani. Miaka minne alikuwa akighani kwenye dansi za mitaani, akipewa maiki wanaume wakishachoka. Mwaka huo, 1986, Haughton alitoa mdundo mpya wa mashine, akauita Komeo. Mdundo ni mmoja, wanaouimbia ni wengi, kila mtu na maneno yake. Wanane walisharekodi, wote wanaume. Haughton alitaka kumi tu, kisha afunge orodha. Verona alitaka nafasi moja.

Kosa alilifanya mwenyewe. Jamaa mmoja, Spanna, alimchokoza: "Mama, rudi ukashone! Ungekuwa na kitu si tungesikia?"

Verona akapandwa na mori. Alighani ubeti wake wote pale pale, watu wakapiga mabati kwa furaha. Spanna hakupiga. Alitangulia kuitwa ndani, na muda si mrefu tukausikia ubeti ule ule ukitoka dirishani, kwa sauti yake.

Tisa. Imebaki moja.

"Sasa dada, utaingia na nini?" mtu aliuliza.

"Na mdomo. Huo hajauchukua."

Verona alipoitwa, nilisogea hadi dirishani. Haughton alimuuliza ana wimbo gani.

"Wewe bonyeza tu, bosi."

Mdundo ukaanza. Aliuacha upite, ukapita tena, hadi nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha:

*Umevaa shati langu, kaka, kola inakukaba,*
*aliyeshona ni mimi, najua uzi ulipolegea!*

Akaendelea hivyo hivyo, kifungo kwa kifungo, mpaka jamaa wa kwenye wimbo akabaki kifua wazi. Nje mabati yalilia kama mvua ya mawe. Spanna, aliyekuwa ameshatoka na kusimama mlangoni, alitazama viatu vyake.

"Vizuri," alisema Haughton. "Lakini kelele za nje zimeingia kwenye mkanda. Rudia."

"Sirudii, bosi. Hao wa nje ndio watakaonunua sahani ya santuri. Waache humo."

Haughton alirudisha mkanda, akasikiliza hadi mwisho, akasikiliza tena. Akachukua kalamu, akaandika juu ya boksi: *Kumi. Verona.*

Verona alitoka akitembea haraka, zamu yake kiwandani ilianza saa nane. Spanna akamfuata mpaka getini.

"Dada Verona, yaishe basi."

"Yameisha. Yako kwenye mkanda."

Akavuka barabara, akadandia basi lililokuwa limeshaanza kuondoka. Mimi nilibaki pale ukutani, pamoja na wale waliokosa nafasi. Hakuna aliyeondoka. Kila mmoja alikuwa ameshaanza tena kuchezesha midomo, akiusubiri mdundo mwingine.