Fuwele za Mwaisha

Mwaisha alizaliwa Kinole, juu milimani, na kulelewa na mjomba wake Mansuri baada ya baba kufariki. Zamani pilipili manga ya Mansuri ilikuwa ikilala ndani mpaka inaota ukungu kwa kukosa mnunuzi. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda mlima wenyewe, wakigombea mzigo. Pilipili hiyo ndiyo iliyomsomesha Mwaisha sekondari, ikamfikisha hadi chuo kikuu mjini Morogoro, wakati ambapo wazazi walikwisha kuambiwa wachangie ada.

Mwaka 2006 alikuwa akisomea shahada ya pili ya kemia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza fuwele za shaba na asidi. Kwa macho ni unga wa buluu tu, lakini ndani zimejengwa kama jukwaa la mafundi ujenzi: shaba ndiyo mafundo, asidi ndiyo miti inayoyaunganisha, na katikati mna vyumba vitupu vinavyonasa gesi. Mwaisha alitaka vinase hewa ya ukaa iliyomo kwenye biogesi ya samadi, ili gesi inayobaki iwake vizuri jikoni.

Lakini mwaka huo mabwawa yalikauka, mgao wa umeme ukawa mkali. Mchana mmoja tanuri la maabara lilizimika fuwele zikiwa hazijaiva. Umeme uliporudi, zilitoka ndogo ndogo, zimepindapinda. Mwaisha akachukua chupa aende kuzimwaga.

"Unamwaga halafu utapima nini?" aliuliza Paskalia, fundi sanifu wa maabara. "Asidi imekwisha, na nyingine haijafika kutoka Dar."

"Hizi zimeharibika, dada."

"Basi tupime hivyo hivyo zilivyoharibika. Mimi nitakaa na wewe."

Wakapima. Zile mbovu zikanasa gesi nyingi kuliko nzuri zote alizowahi kutengeneza. Mwaisha alidhani mizani ina wazimu, akarudia, na majibu yakawa yale yale. Baadaye vipimo vilivyofanywa Dar es Salaam vilieleza sababu: miti mingi ilikosekana. Pale ilipokosekana, vyumba viwili vilikuwa vimeungana kuwa kimoja kikubwa, na shaba ilikuwa wazi, tayari kushika gesi.

Alicheka peke yake njia nzima kurudi bwenini.

Kisha vuli ikaja kwa kishindo. Maabara ikajaa unyevu, na ile buluu nzito ya fuwele ikapauka ikawa samawati. Maji yalikuwa yameingia kupitia mapengo yale yale, yakang'ang'ania ile shaba iliyokuwa wazi, yakaziba nafasi ya gesi. Hata alipozikausha, nyingi zilikuwa zimebomoka ndani, hazikushika tena kama mwanzo. Zile zisizo na mapengo zilistahimili zaidi. Mwaisha alikaa kwenye stuli, machozi yakamtoka. Paskalia akamletea chai.

Ilipopoa, Mwaisha alikuwa ameshajua la kuandika. Hakuficha mvua wala mgao. Aliandika kwamba mapengo huongeza gesi inayonaswa, lakini huyapa maji njia ya kubomoa. Kwa hiyo biogesi ikaushwe kwanza, ndipo ipitishwe kwenye fuwele.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja alimkazia macho. "Kwa hiyo kasoro ni nzuri au mbaya?"

"Kwenye gesi kavu ni nzuri, mheshimiwa. Kwenye unyevu ni mbaya. Nimeziona zote mbili."

Wakampitisha.

Jumamosi iliyofuata alipanda Kinole. Alimkuta mjomba amekaa barazani anachambua pilipili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Habari za mitihani?"

"Nimefaulu. Na fuwele zilizofaulu ni zile zilizoharibika."

Mansuri alicheka mpaka akakohoa. "Hayo ya kwenu siyaelewi. Nani alikuwa nawe huko chini?"

Mwaisha akamsimulia habari za Paskalia: jinsi alivyomzuia kumwaga, alivyoacha shughuli zake wapime pamoja, na ile chai.

Mansuri akainuka, akaingia ndani. Alitoka na mkungu wa ndizi na pilipili iliyofungwa kwenye kitambaa safi.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie nyumba nzima inamshukuru. Na wewe mwenyewe, mshukuru Mungu kwa kukupa mtu kama huyo."

"Nashukuru, mjomba," alisema Mwaisha, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Na namshukuru Mungu kwa ajili yako pia."