Mtihani wa Kuungamisha

Nilimsikia kabla ya kumwona. Siku yangu ya kwanza kazini, katika misheni ya Kasongo, nilisimama barazani, na ng'ambo ya ukuta viatu vikawa vinagonga sakafu, huku sauti ya mwanamume ikirudiarudia: "Viene, venga. Llega, llegue." Nilidhani anasali.

"Ni Padri Ramón, Mhispania," alisema Padri Mkuu, Mbelgiji mrefu aliyesema Kiswahili kama mzaliwa wa Nyangwe. "Mfundishe. Baada ya miezi mitatu nitampa mtihani. Akishindwa, nitamrudisha Ulaya, na wewe utarudi kufyatua matofali."

Nilikuwa nimeajiriwa kuwafundisha mapadre wageni Kiswahili. Padri hakuruhusiwa kuungamisha, yaani kusikiliza dhambi za watu, kabla ya kufaulu mtihani huo, maana hakuna anayetubu kupitia mkalimani.

Padri Ramón alishika maneno upesi kuliko wote niliowafundisha baadaye. Ila kila alipohitaji kitu, alisema, "Unaleta maji. Unapika muhogo." Mpishi Kalonda, ambaye kama wenyeji wote alimwita kila padri mompere, akatupa kitambaa chini.

"Mwalimu, huyu mompere iko natuma batu sawa kapita, musimamizi wa bafungwa! Mimi niko mupishi, si mufungwa."

Nikamwandikia padri ubaoni: leta, ulete, fika, ufike. Akaruka kwa furaha, akaninyang'anya chaki. Kwao pia kilikuwapo kitenzi hicho, wakikiita subjuntivo: kitenzi cha jambo lisilokuwapo bado, ambalo mtu analitaka, analiomba au analiogopa. Llega, anafika, que llegue, afike. Ile a ya mwisho iligeuka e, kama kwetu! Tangu hapo, kila asubuhi, nami nilikuwa mwanafunzi wake.

"Usitazame herufi kwanza," aliniambia. "Tazama nani anataka, na nani anatakiwa. Sé que viene, najua anakuja: hapo hakuna shaka. Quiero que venga, nataka aje: hapo wamo watu wawili, na katikati yao hamu."

Sijawahi kusikia sarufi ikielezwa vizuri hivyo. Lakini akitoka ubaoni aliamuru tu. Nikampeleka Nyangwe, kando ya mto, nikawaonya wanawake wa samaki wasimpe kitu mpaka aombe.

"Mama, unanipa samaki," alisema.

"Nani amekuambia nakupa?" mmoja akamjibu. "Samaki yangu haijabatizwa, mompere. Haikutii!"

Ufuko mzima ulicheka. Alishinda na njaa hadi alasiri, ndipo akainama mbele ya yule mama: "Naomba unipe samaki."

"Sasa umekuwa mutu. Kaa, ukule."

Baadaye nilihamishiwa Kabambare, chini ya Padri Mkuu mwingine, mkali wa daftari, nikafundisha huko mpaka macho yakaniacha. Sasa nimestaafu, na walimu vijana huniuliza kitabu gani cha sarufi kinafaa. Vitabu vipo. Mimi huwasimulia mtihani ule.

Miezi mitatu ilipotimia, Padri Mkuu wa Kasongo aliweka karatasi mezani, akamwita Mama Feza, mjane wa jirani, azungumze na mgeni lolote apendalo. Mama alisema habari za mvua, za nguruwe wa porini wanaomaliza muhogo. Padri Ramón alijibu vyema. Kisha mama akatazama mikono yake. Mwanawe, alisema, alikuwa amechukuliwa kwenda kuchimba dhahabu upande wa Kabambare, na habari zake hazikuja.

Jana yake nilikuwa nimemfundisha padri jibu la msiba kama huo: Mungu akufariji. Nilimkazia macho alitoe. Hakulitoa. Kalamu ya Padri Mkuu ikaandika kitu, nami nikaanza kusikia harufu ya udongo wa matofali.

"Mama," alisema hatimaye, taratibu, "unataka nimwombee nini?"

"Arudi," alisema Mama Feza. "Hata mikono mitupu, arudi. Na mimi, mompere... siku ile asubuhi nilimwambia neno. Neno baya."

Padri Ramón alisogeza kiti, akainamisha sikio. Alikuwa ametusahau.

"Uniambie, mama. Ukipenda."

Padri Mkuu alifunika kalamu yake. Aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akanigusa bega.

"Mwalimu, tutoke," alininong'oneza. "Hapa hapana mtihani tena."

Nilitangulia. Yeye akanifuata kwa ncha za viatu, akauvuta mlango nyuma yetu, polepole, mpaka ukajifunga.