Jael na Magitaa ya Jeddah

Kabla wakala hajampeleka Riyadh kufanya kazi za nyumbani, Jael alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao kule Kimilili. Nyumba aliyoajiriwa, mtaa wa Al-Naseem, haikuwa na hata redio. Madam alikuwa mjane, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na hakupenda kelele. Binti yake Rim, mwanafunzi wa chuo, alikuwa mpole kiasi kwamba Jael alimwona hawezi hata kumfukuza paka jikoni.

Likizo moja ya mwaka 2018 walikwenda Jeddah kwa dada yake madam. Alasiri wale wakubwa wakatoka kwenda sokoni, naye Jael akapeleka chai chumba cha chini, ambako Rim na binamu zake wawili walikuwa wamejifungia. Alipofungua mlango, nusura sinia imponyoke. Rim, yule mpole, alikuwa ameshika gitaa, nywele zimemwagika usoni, anaimba kwa mapafu yote, binamu mmoja akimfuata kwa gitaa la pili, mwingine akiwa kwenye ngoma.

Sauti ile ilimpiga Jael kifuani. Ngoma zilikwenda mbio bila kuyumba, magitaa mawili yakalia makali na matamu kwa pamoja, na kiitikio kilikuwa kifupi, cha kukushika mara ya kwanza tu. Kilichomduwaza zaidi ni maneno. Yalikuwa ya Kiingereza, na aliyaelewa: msichana ameachwa, hata kuagwa hakuagwa.

"Mtu analia," Jael akasema, "mbona mnaimba kama harusini?"

"Hiyo ndiyo pawa pop," Rim akamjibu akihema. "Machozi yenyewe unayapigia makofi."

Wakaanza upya. Jael akasikia pengo katikati ya zile sauti, na kabla hajajizuia alikuwa amekwisha kuliziba, sinia bado mikononi. Wasichana wakageuka wakamkodolea macho. Rim akamwomba arudie. Wakarudia, tena na tena, kwa nguvu, hata hakuna aliyesikia gari likirudi.

Madam alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi, akimtazama bintiye kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Muziki ukakatika. Jael akaona safari yake imeishia pale.

"Halas, basi," madam akasema kwa sauti ndogo. "Chai imepoa."

Wakarudi Riyadh. Jael akafungasha nguo zake, akangoja kurudishwa kwa wakala. Siku zikapita, hakuitwa. Kisha asubuhi moja, Jael akipiga pasi, madam akaingia na kufunga mlango nyuma yake.

"Ule wimbo," akauliza. "Yule mwanamume alirudi?"

Jael alibaki ameinua pasi juu. Katika yote aliyotarajia kuulizwa, hilo halikuwemo.

"Hapana, madam. Hakurudi."

Madam akatikisa kichwa polepole, akainamia shuka zilizokunjwa, akazikunja upya bila sababu, akaondoka.

Kabla ya Ramadhani gitaa likaletwa kutoka Jeddah. Madam aliweka masharti: lisipigwe saa za swala, wala wageni wakiwapo. Lakini kila Rim alipolishika, mama yake alivuta kiti hadi kwenye ujia nje ya chumba, akakaa huko na gazeti ambalo kurasa zake hakuzifunua.