"Cousin" wa mtandaoni, Gogo wa Westville na kazi ya mama yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Humu mimi ni msomaji tu, mbele za watu mdomo wangu mzito. Hii si chai, yametokea likizo iliyopita hapa Durban. Majina nimebadilisha.

Sisi ni Warundi, tunakaa Isipingo. Mama anamhudumia bibi mmoja mzungu kule Westville: kumwogesha, dawa, chakula. Tunamwita Gogo, kama wanavyoita bibi huku. Likizo naenda naye, namtypia Gogo mambo yake.

Gogo anatafuta ukoo wake. Anaamini ametoka kwa tajiri mmoja wa Uingereza, aliyeuza vitambaa enzi za wafalme wa Tudor. Ananunua scan za wosia na hati za ardhi, anausoma kwa lenzi ule mwandiko kama kuku kaparua, mimi natype.

Kusema kweli niliwashuku wale watu wa kwenye hati. Baba, watoto, wajukuu, wote surname moja! Kwetu kila mtoto anapewa jina lake. Mimi, mama na kaka yangu, majina matatu. Kwa hiyo sikuwa nafuata surname, nilifuata nani kaachiwa nyumba.

Ndipo akatokea "cousin", mwanaume wa Pinetown. Walikutana kwenye group la mtandaoni la mambo ya ukoo. Surname yake ileile ya Gogo na ya yule tajiri.

Mara ya kwanza alikuja na keki. Mara ya pili mikono mitupu, anazunguka vyumba, anauliza nyumba hii atabaki nayo nani.

Labda ni wivu wangu, sijui. Sikumpenda.

Naye akatushuku. Aliona jina langu kwenye begi la shule. Jumamosi moja Gogo akamwita mama sebuleni, cousin kakaa pembeni.

"Huyu ni mtoto wako kweli? Mbona surname si yako?"

Mama akaeleza. Cousin akacheka.

"Story nzuri. Leo mtoto, kesho mume, keshokutwa nyumba imejaa."

Gogo hakumpinga. Akamwambia mama mwisho wa mwezi apumzike, atatafuta mtu wa agency.

Eish. Kodi yetu, shule yangu, vyote vinatoka kwenye ile kazi. Nikasikia sauti yangu inatoka yenyewe:

"Sir, wewe umetoka kwa mtoto gani wa yule tajiri?"

"We Inès, nyamaza!" Mama huyo, kwa Kiswahili.

"Kwa mwanawe wa kiume, obviously," cousin akajibu. "Ndiyo maana nina jina lake."

Nikafungua laptop. Wosia unasema mwana wa kiume alikuwa mmoja, kafa kabla ya baba, hajaacha mtoto. Nyumba na mashamba kapewa binti. Hati ya ardhi inayofuata iko na jina la mume wa binti. Surname ya tajiri ikaishia hapo.

Gogo alishazisoma zote mbili, tena kwa sauti. Ila macho yake yalitafuta jina tu.

Akasoma tena. Cousin akaanza mara iko branch nyingine, mara anko. Gogo akabonyeza remote ya geti.

"Geti liko wazi," akamwambia.

Nilifurahi, mpaka nilipoona uso wa Gogo. Kama lile jina halimsaidii cousin, halimsaidii na yeye. Nilimpokonya tajiri wake.

Mama bado yuko kazini. Lakini Jumatatu iliyofuata Gogo aliomba birth certificate yangu. Mama akaitoa mkobani. Anatembea nayo siku zote, maana kliniki, shuleni, kote tunaulizwa swali lilelile.

Gogo akaisoma kwa ile lenzi, polepole, akairudisha.

"Nyie mna ushahidi kuliko mimi."

Alisema kwa wema au kwa hasira, mpaka leo sijui. Namwangalia kwa jicho la pembeni, na yeye hivyohivyo.

Nilichojifunza: mtu akikujia na surname, muulize katokea kwa nani.

Mlio ugenini, mmewahi kuambiwa mtoto si wenu kwa sababu ya jina? Na kwa Gogo, ningenyamaza? Nisemeni, ila taratibu.