Jacob na James, Kilatini Kimoja

Dada yangu alipojifungua mapacha wa kiume, majina hayakuwa ya kuchagua. Wa kwanza akaitwa James, jina la baba mkwe wake. Wa pili Jacob, jina la baba yetu. Ndiyo desturi ya kwetu. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaahidi vitambaa viwili vya ubatizo vyenye majina yao kwa Kilatini.

Nakiri: Kilatini nilijifundisha kwenye simu, na neno moja naweza kulihakiki mara kumi na bado nisiliamini.

Nilichora herufi, nikazipeleka kwa fundi wa kudarizi huko mjini, mzee wa kutoka Mombasa. Akaziweka karatasi mbili mezani.

"Mwanangu, umeniletea kitu kimoja mara mbili."

"Hapana, huyu ni James na huyu ni Jacob."

"Hapa wote ni IACOBUS. Kwetu ni Yaakub. Mmoja tu."

Nikazilinganisha: kweli. Jina moja la Kiebrania liliingia Kilatini likawa Iacobus, na James na Jacob wote wametoka humo. Hata Biblia ya Kiswahili inawaita wote Yakobo! Nilikuwa nimechora kila jina siku yake, nikihangaikia mikia ya herufi, bila kuyaweka pamoja. Wakwe wangeona watoto wote wawili wamepewa jina la baba yetu.

Nilisimama kwenye ngazi za duka lake nikasoma kwenye simu, nikasoma, hadi nikapata: baadaye watu walianza kutamka Iacomus, kwa M, na hilo ndilo lililozaa James. Nikampigia dada.

"Si ulisema unajua Kilatini?"

"Nilisema najifunza."

"Na hilo la M ni la kanisa?"

"La watu wa kawaida. La mtaani."

"Basi lishonwe. Mtoto mwenyewe ni wa mtaani, wa Woodley."

Jumapili, baada ya ibada, baba mkwe wake alivaa miwani, akasoma IACOMUS, akageukia kitambaa cha pili, akarudi kwa chake. Nikamweleza haraka haraka, nikijikwaa kwa maneno.

"Kumbe langu ni la Sheng!" Akacheka hadi pacha mmoja akaamka. Akamwita baba yetu: "Mzee, kuja uone! Lako bado liko darasani, langu lilitoka kitambo."

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya ukurasa mzima. Yalibaki mfukoni.