Kumupeleleza Mukwe kwenye Njia Bila Magari

Hapana, muguu yake sikuiona. Hata kisigino sikuona, musiniulize. Suruali ile ya kupandia kinga, ile baiskeli yake, fupi, nyeusi, imebana mutu kama ganda la ndizi, niliiona mara moja asubuhi ya kwanza, halafu nikageuza uso kwa milima mpaka shingo ikakauka. Kwetu munajua: mama mukwe na bwana ya mutoto wake hawaangaliane. Donc, basi, mulinituma kwenda kupeleleza mutu yenye desturi inanikataza kumuangalia. Akili yenu hiyo, wamama wa Louisville.

Bon, nianze pale safari ilianzia.

Mutoto wangu Neema, ule wa Columbus anaoshaka wazee wa watu, alipata mwanaume. Neema iko na miaka makumi tatu na tisa, na bwana wa kwanza alimukimbia. Huyu mupya anaitwa Gaspari, Mtanzania wa Moshi, injinia, anaishi Amherst, pale kando ya Buffalo. Hanywi. Hapigi kelele. Anapiga simu saa yenye alisema atapiga. Hapo njo tulianza kuogopa.

Kila mwaka, majani ikianza kuota, anapotea wiki mbili. Anaenda wapi? Sicilia, kisiwa ya Italia. Kufanya nini? Kupanda kinga kwenye milima, kwenye njia zenye hazina magari. Shangazi Mwamini, dada ya marehemu bwana yangu, alisimama kwa saluni, pale wageni wanakaaka, kwa mutoto wangu Bahati, mikono kiunoni, na ile sauti yake ya kukwaruza sufuria: "Mwanaume yenye iko na gari mbili anapanda ndege kwenda kupanda kinga? Kule iko na bibi. Iko na watoto. Mama Bahati, weye iko na macho. Enda uangalie."

Neema akasema kwa simu, sauti ndogo kama ya mutu anaficha njaa: "Mama, enda. Vile utasema, njo nitafanya." Ndoa yake aliiweka yote kwa mudomo yangu, na munaujua mudomo yangu.

Na Gaspari mwenyewe? "Mama aje tu, aone kwa macho yake. Atakaa kwenye gari pamoja na Neema." Kwa raha! Mwizi mwenye akili anakupatia funguo na mukono yake.

Columbus, saa nane ya muchana. Bisi ilinishusha, Neema akanipitisha Morse Road tununue unga ya muhogo na ndagala, samaki ndogo za kwetu, maana mutu yenye anaenda kupeleleza hakule chakula ya mutu yenye anapelelezwa. Kesho yake tukatoka na gari yake mapema, na muchana tulikuwa Buffalo.

Amherst. Nyumba yake ni safi mpaka inatisha. Kinga tatu zimetundikwa kwa ukuta ya saluni kama picha za marehemu. Nikainua moja na kidole. Kwetu Uvira, Kongo, kinga inabeba makala ya kupikia, inabeba mugonjwa, inabeba kitanda na mugonjwa juu yake. Hii haina hata pa kufunga kamba.

"Inabeba nini?" niliuliza ukuta, maana yeye sikuweza kumugeukia.

"Shikamoo mama. Inanibeba mimi tu, mama. Naomba samahani kama inakukwaza."

Munasikia? Kiswahili ya kupigwa pasi. Mutu yenye anaomba samahani mbele ya kosa, kosa yenyewe iko njiani.

Sicilia, siku ya kwanza. Tukalala kwa mama mumoja wa kule, jina yake Pina, nyumba ya mawe juu ya kilima, mizeituni chini mpaka macho inachoka. Asubuhi Gaspari akapanda kinga yake, siye nyuma na gari ya kukodi, maji na gurudumu ya akiba ndani. Alikuwa ametuelezea siku iliyopita, nikiwa nimegeukia dirisha: "Mama, siri ni hii. Serikali ikijenga barabara mpya kule chini, magari yote huhamia huko. Ile ya zamani hubaki mlimani peke yake. Mimi nazitafuta hizo zilizoachwa."

Na kweli ziliachwa. Lami imepasuka, nyasi inaota katikati, njia inajikunja kama utumbo wa mbuzi, inapanda, inashuka, inapanda tena bila haya. Kuta za mawe, miti ya lozi, kondoo, kijiji yenye milango imefungwa yote. Asubuhi nzima tulikutana na gari moja, ya muzee mumoja na mbwa wake, na mbwa njo alituangalia kama anajua kitu.

"Mama, si ni pazuri?" Neema anauliza.

"Watu iko wapi?"

"Njo uzuri wake, mama. Hakuna."

Miye nilikimbia vita na muguu kutoka Fizi, nimeshika Neema mukono. Kwetu, njia ikikosa magari, unajiuliza magari ilisikia nini yenye weye haujasikia. Mutu anaenda kwa njia kama ile kwa sababu mbili: anakimbia, ao anaficha. Gaspari hakuna mutu anamufukuza. Donc.

Na nilipeleleza namna gani? Niliangalia mulima, halafu namuuliza Neema: "Anafanya nini?" "Anapanda, mama." "Na sasa?" "Anapanda." "Amegeuka kuangalia nyumba ile?" "Mama, anahema." Siku mbili nzima niliona mukwe kupitia mudomo ya mutoto yenye anamupenda. Shahidi gani huyo?

Siku ya tatu, saa tano hivi, njia ikakatika. Mulima ulikuwa umeporomoka, wakaweka ubao: gari haipite. Gaspari akabeba kinga begani, akapita pembeni, sauti yake ikarudi: "Ninyi zungukeni, tukutane upande wa pili! Dakika arobaini tu!"

Dakika makumi ine! Shangazi Mwamini akaongea ndani ya kichwa yangu: njo pale anamuweka.

"Neema, zima gari."

"Mama, unaenda wapi?"

"Kukojoa."

Nilifunga kitenge nguvu, nikapita kwenye mawe na viatu vya kanisa. Nikatembea. Kona moja. Kona mbili. Upepo, na kengele za kondoo. Halafu nikasikia mutu anaongea.

Ilikuwa yeye. Anaongea na mutu, polepole, anacheka kidogo. Nikajibana kwa ukuta ya mawe, nikavuta kitenge juu ya uso, maana suruali ile sikutaka kuiona, nikatega sikio. Na nikasikia sauti ya mwanamuke!

"Bon, weye Gaspari, kinga hii inabeba nini? Haibebe hata mukungu ya ndizi! Donc weye ni mutu wa namna gani?"

Wamama, ilikuwa sauti yangu. Yangu kabisa, na ile kukohoa yangu katikati. Kisha akajibu na sauti yake mwenyewe: "Mama, inabeba... hapana. Mama, mimi nimekuja kukuomba... hapana." Kisha tena sauti yangu: "Sema basi, jua inazama!" Na kondoo moja ikajibu.

Hakukuwa mutu mwingine. Chini ya kitenge niliona kivuli yake tu: amekaa kwa ukuta, kondoo wanamuzunguka, anajifunza namna ya kuongea na miye.

Nilirudi pole pole, na nilikasirika. Mukwe gani anaiga mukwe wake? Heshima iko wapi? Nilikasirika mpaka kwa gari. Neema akauliza kama nimemaliza kukojoa, nikacheka mpaka akaogopa.

Jioni nikamuuliza mama Pina, kwa simu ya Neema yenye inatafsiri luga, maana miye mupelelezi, hata nikiamini naulizaka mara mbili. "Huyu mwanaume anakujaka na nani?" Mama Pina akainua kidole moja, akaongea, na simu ikatoa Kiswahili ya mutu amemeza kijiko: "Bwana huja peke yake. Miaka mitano. Hula. Huendesha. Hulala saa tatu." Nikala ugali yangu kwa pembe ya chumba, mugongo kwa meza ya Gaspari, vile inafaa. Nikawaza: ao amemufundisha huyu mama.

Siku ya kurudi, kwa uwanja wa ndege ya Buffalo, Gaspari alisimama nyuma yangu. Sikugeuka. Akasema mara moja, bila samahani: "Mama, namwomba Neema." Nikamujibu: "Naomba uzunguke, ukaombe kwa jamaa, Louisville." Nikasikia Neema anavuta pumzi, haitoi.

Louisville, siku ya Mungu, kanisa ikiisha. Wote mulikuwa pale kwa Bahati, fufu imeiva, Neema kwa simu anasikiliza kutoka Columbus. Nikawapa safari yote. Nikaiga Gaspari, nikaiga Pina, nikaiga simu, nikaiga kondoo. Mulicheka. Shangazi Mwamini peke hakucheka.

"Mama Bahati. Wiki mbili. Uso yake ikoje?"

"Sijui."

"Akitoka kwa njia ile iliporomoka, alikuwa na uso ya mutu mwongo?"

"Nilikuwa nimefunika kichwa."

"Mulikula meza moja?"

"Kamwe! Naweza kula na yeye namna gani?"

"Ulimutaja jina mbele yake?"

"Shangazi, weye mwenyewe unajua haifae."

Nikaanza kujitetea: kwamba bado namuogopa, kwamba kimya yake siielewe, kwamba mutu yenye anatafuta njia zenye watu waliacha anahitaji kuangaliwa mwaka moja tena, mbili hata. Kwa simu ya Neema nilisikia tu friji yake.

Shangazi Mwamini akakata fufu, akachovya, akameza, akanawa mikono kabisa.

"Mwanamuke hamufichie mugeni macho, anamufichia mukwe," akasema. "Weye ulishamupatia mutoto tangu asubuhi ya kwanza, nyamaza sasa, tukule."