Ziraili na Gari la Bluu

Mtaani walimwita Ziraili, na hakuna siku aliyokasirika. Akishalizunguka gari bovu, akaligonga boneti kwa kiganja na kusikiliza mlio wake, basi gari hilo halina tena safari duniani. Madereva wakimwona anapita, huyapapasa magari yao kama wanaoficha watoto.

"Hili zima, mama. Linakohoa tu."

"Na mimi nakohoa," huwajibu. "Tuone nani atatangulia."

Marehemu mumewe alimwachia yadi ya vyuma chakavu yenye rundo moja na mbwa mmoja. Mbwa alikufa, rundo likazaa. Sasa milango ya magari ilisimama kwa safu kama vitabu rafuni, sukani zilining'inia misumarini, na kreti la vioo vya pembeni lilionyesha anga vipande vipande. Mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Mkasi, ndiye aliyeshika gesi ya kukatia.

Kazi ile Ziraili aliifanya kwa sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa chaki. Gari likitelekezwa, alilichora duara kwenye boneti kisha akasubiri wiki nzima. Mwenyewe akiwepo, atalifuta. Akiwa na hasira, atalifuta na kuja kumtukana, na watu wa namna hiyo aliwapenda kwa sababu hawakumpa mashaka. Sheria ya pili ilikuwa honi. Hakuna kukata kabla ya kubonyeza honi. Gari hata lioze vipi, lazima lipewe nafasi ya kusema neno lake la mwisho. Mengi hayakusema kitu.

"Kimya ni ruhusa," Ziraili angesema, na Mkasi angewasha moto.

Mwaka huo binti yake wa pekee alipata mchumba, na harusi ikapangwa kufanyika Jumamosi kwenye uwanja nyuma ya nyumba. Katikati ya uwanja huo lilikaa gari la bluu ambalo hakuna aliyekumbuka lilikotoka. Ziraili alikuwa amesafisha nusu ya mji. Haiwezekani mwanawe aolewe akizunguka mkweche. Isitoshe, kulikuwa na bamkwe, baba wa bwana harusi, fundi cherehani mstaafu aliyekaa mtaa wa pili. Mzee huyo alikubali kila jambo kwa kutikisa kichwa, hata usijue kama amefurahi au amechoka. Ziraili alitaka kitu kimoja tu, siku ile ipite wakwe wasipate la kusema.

Akachora duara lake, akasubiri. Wiki ikaisha, chaki iko vilevile. Dalili nyingine zote zilikuwepo: nyasi zimeota mpaka ndani ya sakafu, matairi yamekaa chini kama mandazi yaliyokanyagwa, na kuku wa mtu analalia mayai kwenye buti. Ijumaa asubuhi wakalivuta mpaka yadini, na kuku akiwa humohumo, maana aligoma kushuka.

Ziraili alikuwa kwenye simu akigombana na watu wa viti vya kukodi aliposikia gesi inaunguruma. Aligeuka akakuta Mkasi ameshaliondoa paa lote na analiegemeza ukutani.

"Honi umepiga?"

"Dada, kesho harusi. Leo hakuna muda wa mazishi."

"Mwenye haraka huzika na aliye hai," alisema Ziraili, akanyoosha mkono na kubonyeza.

Honi ikalia. Haikukoroma wala kusita. Ililia kwa sauti nene na safi, njiwa wakaruka kutoka kwenye milango. Ndugu wawili wakatazamana. Mkasi akafungua boneti na kukuta betri haina hata kutu. Ziraili akapitisha kiganja kwenye kiti cha dereva. Hakikuwa na vumbi. Alikuwa amelisoma gari lote, kiti hakukisoma.

"Mkasi," alisema polepole, "tumemkata mtu akiwa amelala."

Kabla hajajibiwa, mtu aliingia getini akitembea upesi, redio ndogo kwapani. Alikuwa bamkwe.

"Hiyo honi naijua," alisema. Akalisogelea gari, akapapasa pale penye paa, mkono ukapita hewani. "Mbona leo kuna upepo?"

Ziraili alitamani ardhi impokee. "Mkwe, ni lako? Chaki wiki nzima hukuiona?"

"Chaki gani? Ningekuwa naona chaki, si ningekuwa naendesha?"

Akaketi kwenye kiti chake na kueleza. Macho yalipoanza kumhini alimwambia mkewe gari liko kwa fundi. Aliona aibu kusema ukweli. Tangu hapo, kila alasiri, Ziraili akiwa yadini, hujiendea pale uwanjani kusikiliza mpira na kushika usukani.

"Fundi gani huyo wa miaka yote?" aliuliza Mkasi.

"Mke wangu naye huniuliza hivyohivyo."

Mzee akatazama juu, mbingu nzima ikiwa wazi kichwani pake, na mabega yakaanza kumtikisika. Ziraili alidhani analia. Alikuwa anacheka, na mara ya kwanza kumsikia akicheka ikawa ni ndani ya gari ambalo yadi yake Ziraili ndiyo iliyolikata.

"Basi kesho," alisema akijifuta macho, "watu watamwona bibi harusi vizuri."

Jioni hiyo yadi haikukata kitu. Walifunga matairi yaliyojaa upepo, wakalainisha kingo za chuma na kuzizungushia kitambaa ambacho bamkwe alikishona kwa kupapasa, mishono imenyooka. Kesho yake maharusi waliketi nyuma, vijana wakasukuma, na mzee akashika usukani huku Mkasi akitangulia kinyumenyume. "Kulia, mzee. Kulia nimesema. Huo ni ukuta." Honi ililia njia nzima, na kuku akawa anaijibu kutoka kwenye buti.

Walipofika uwanjani, mke wa bamkwe alikuwa anawasubiri mikono kiunoni.

"Kumbe fundi amemaliza," alisema.

Mzee akainamisha kichwa. "Ulijua?"

"Kile kiti nani unadhani alikuwa anakipangusa?"

Uwanja mzima ukacheka, na Ziraili akakaa chini kwenye kiti cha kukodi, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Wakwe walikuwa wamepata la kusema, tena la maisha.

Gari lilipata kona yadini, karibu na safu ya milango. Jumatatu, Ziraili alilichora duara kwenye boneti, kubwa kama sinia. Alasiri bamkwe akaja na redio yake, akainama mpaka pua ikagusa chuma, akalifuta kwa leso taratibu huku akihakikisha mwenye chaki anamwona. Kisha akapanda, akabonyeza honi.

"Nimesikia," alisema Ziraili, akaendelea na kazi.